Mchoro Uliosafiri kwa Posta

Asubuhi ya tarehe 6 Septemba 1869 moto ulizuka katika mgodi wa makaa ya mawe wa Avondale, jimboni Pennsylvania, Marekani. Mgodi ulikuwa na shimo moja tu la kushukia. Shimo hilohilo ndilo lililoingiza hewa, likashusha watu na kupandisha makaa, na juu ya mdomo wake lilisimama jengo kubwa la mbao la kupasulia na kuchambulia makaa. Moto ulipopanda, jengo likashika. Lilipoporomoka, mabaki yake yaliziba shimo. Waliokuwa chini hawakuwa na pa kutokea. Walikufa watu 110, wakiwemo wawili walioshuka kuwaokoa wenzao.

Msomaji anayetaka kujua jinsi kijana wa Mwanza au Kisumu anavyojifunza leo kuchora ramani za nyumba na vipuri vya mashine, akiwa na kompyuta mpakato na bando la usiku, huenda akashangaa kupelekwa mgodini. Lakini ndiko mambo yalikoanzia. Tukianza na kompyuta tutakuwa tumeingia katikati ya hadithi, tukaamini kwamba kujifunza fani hii kwa mbali ni jambo la juzi lililoletwa na intaneti. Ni jambo lenye umri wa zaidi ya miaka 130.

Baada ya Avondale, bunge la Pennsylvania lilitunga sheria za usalama. Mwaka 1870 wenye migodi waliamriwa, pamoja na mambo mengine, kuwa na njia ya pili ya kutokea na kuweka ramani sahihi ya njia zao za chini ya ardhi. Mwaka 1885 ikaongezwa sheria nyingine: anayetaka kuwa msimamizi mgodini sharti afaulu mtihani. Nia ilikuwa njema, ila wachimbaji wengi walikuwa wameingia mgodini wakiwa watoto, na wengine walikuwa wahamiaji ambao Kiingereza chenyewe walikuwa wanakiokota. Walijua mwamba ulio salama kwa kuugonga na kuusikiliza. Hesabu za mkondo wa hewa na usomaji wa ramani hakuna aliyewafundisha. Shule ya kuwafaa haikuwepo, na hata ingekuwepo, mtu mwenye mke na watoto angeachaje zamu aende kukaa darasani?

Hapo ndipo alipoingia Thomas J. Foster, mhariri wa gazeti katika mji wa wachimbaji wa Shenandoah. Foster alikuwa amepigia kelele usalama wa migodi kwa miaka mingi. Katika jarida lake la mambo ya migodi alifungua safu ya maswali na majibu: mchimbaji anauliza kwa barua, jibu linachapwa. Maswali yakaja kwa wingi kuliko nafasi ya jarida. Yalionyesha pia kwamba waulizaji walikwama mahali palepale, kwenye hesabu za msingi, na jibu la aya moja halikuwasaidia. Kutokana na safu hiyo likazaliwa somo kamili la uchimbaji wa makaa kwa njia ya posta, na mwaka 1891 mwanafunzi wa kwanza akaandikishwa. Makao yakawa mji wa Scranton. Chuo kikaja kujulikana kwa jina la International Correspondence Schools.

Foster hakuwa wa kwanza kufundisha kwa barua. Nchini Uingereza, Isaac Pitman alikuwa akifundisha hati mkato kwa posta tangu 1840, mwaka uleule ambao stempu ya peni moja ilifanya barua iwe nafuu kwa kila mtu. Lakini hati mkato ni maandishi, na maandishi kusafiri ndani ya bahasha si ajabu. Alichofanya Foster ni kuwapelekea watu kazi ya mikono.

Somo la migodi halikukaa muda kabla ya kuzaa jingine la michoro ya mashine. Mwanafunzi alipewa vifaa vya kuchorea: ubao, rula ya T, pembetatu, bikari, wino. Vitabu vyake viliandikwa upya na chuo chenyewe, kwa sababu vitabu vya wakati ule vilikuwa vya wasomi na viliruka hatua ambazo msomi anazidhania. Vya Scranton havikuruka kitu. Vilianza na namna ya kubandika karatasi ubaoni, namna ya kuchonga penseli, namna ya kushika kalamu ya wino isiangushe tone. Kisha mwanafunzi alichora bamba la kwanza, akalikunja kwenye mrija wa karatasi ngumu, akalipeleka posta.

Kisha alisubiri. Huko Scranton mchoro wake ulifika mezani kwa msahihishaji. Chuo kilikuwa na jeshi la wasahihishaji, wanawake wengi wakiwa miongoni mwao, na kazi yao ilikuwa kutazama mstari kwa mstari: huu ni mnene mno, kipimo hiki kimeandikwa mara mbili, hapa umesahau mstari wa katikati, mviringo huu haugusi pale unapopaswa kugusa. Mchoro ulirudi kwa mwenyewe ukiwa na alama hizo. Kama haukutosha, alichora tena. Bamba la pili halikufunguliwa mpaka la kwanza likubaliwe.

Ninakaa kwenye jambo hili la masahihisho kwa makusudi, kwa kuwa ndilo litakalotusumbua mbele.

Wanafunzi waliongezeka kwa kasi ambayo vyuo vikuu vya zama zile havikuiota. Kufikia mwaka 1906 jumla ya walioandikishwa, kwa masomo ya kila aina, ilikaribia 900,000. Walter Chrysler, kijana wa karakana ya reli katika mji mdogo wa Ellis, Kansas, alikuwa mmoja wao. Alisoma kwa taa usiku baada ya zamu, na mwaka 1925 akaanzisha kampuni ya magari yenye jina lake. Chuo kilipenda mno kutangaza mifano ya namna hiyo. Hakikupenda kutangaza upande wa pili: wengi wa walioandikishwa hawakumaliza. Mawakala wa chuo walipita nyumba kwa nyumba wakiuza masomo kwa malipo ya mafungu, na wakala alikula kwa kuandikisha, si kwa kuhitimisha. Mtu alisaini akiwa na moto wa Jumamosi jioni, na moto ukazimika alipofika kwenye sehemu za desimali. Anayelalamika leo kwamba watu wanaanza kozi za mtandaoni na kuziacha nusu, analalamikia jambo alilolikuta.

Kwa nini, lakini, kuchora kulikubali kufundishwa kwa barua, wakati uashi na uhunzi vilikataa? Jibu lake liko nyuma zaidi, Ufaransa ya karne ya 18.

Gaspard Monge alizaliwa Beaune mwaka 1746, mtoto wa mchuuzi na mnoa visu. Akiwa kijana alichora ramani ya mji wake kwa ufundi uliomfikia ofisa mmoja wa jeshi, naye akampeleka kwenye shule ya wahandisi wa kijeshi ya Mézières. Asingeweza kusoma uofisa pale. Ulikuwa wa watoto wa wenye nasaba. Akawekwa karakana, kuchonga vielelezo vya plasta na kunakili michoro. Siku moja akapewa kazi ya kupanga ngome kwa namna ambayo adui aliye kilimani asiweze kuwaona wala kuwapiga walio ndani. Ilikuwa kazi ya hesabu ndefu, namba juu ya namba, siku nyingi. Monge alileta jibu mapema mno, na mkuu wake akakataa kulitazama: kwa muda ule, alisema, hesabu haziwezi kuwa zimefanyika. Na kweli hazikufanyika. Monge alikuwa amelipata jibu kwa kuchora.

Njia yake, kwa kuieleza kwa ufupi, ni hii. Chukua kitu chochote chenye urefu, upana na kina. Kitazame kutoka juu moja kwa moja, uchore kivuli chake kwenye sakafu. Kitazame kutoka mbele moja kwa moja, uchore kivuli chake ukutani. Sasa ulaze ukuta chini uwe sawa na sakafu. Una michoro miwili kwenye karatasi moja, na kila nukta katika huu ina mwenzake katika ule. Kutokana na miwili hiyo unaweza kupata urefu wa kweli wa mstari wowote, mahali mabomba mawili yanapokutana, umbo la bati litakalokunjwa likawa faneli, bila kukiona kitu chenyewe. Mafundi mawe na maseremala wa Ulaya walikuwa na mbinu za jamii hiyo kabla yake, lakini kila chama cha mafundi kilikuwa na zake na kilizificha. Monge alizigeuza kuwa elimu moja yenye kanuni.

Jeshi likaifanya siri. Kwa miaka mingi Monge alifundisha Mézières bila ruhusa ya kuichapisha. Ilibidi yaje Mapinduzi ya Ufaransa ili mlango ufunguke: mwaka 1795 alifundisha hadharani Paris, mihadhara yake ikanukuliwa kwa hati mkato, na mwaka 1799 ikatoka kuwa kitabu. Mfaransa Claudius Crozet akaivusha bahari hadi chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, na mwaka 1821 akachapisha huko kitabu chake cha Kiingereza juu yake.

Kwa hiyo, kabla ya Foster kubandika stempu, mchoro wa kihandisi ulikuwa tayari umetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Mhandisi anachora Birmingham, fundi anachonga Bombay, na hawajawahi kuonana. Kinachofundishwa na kinachotumwa ni kitu kimoja.

Mafundi wa majahazi wa pwani yetu hawakuhitaji chochote cha haya. Fundi wa Matondoni, kisiwani Lamu, aliweka mkuku, akapinda mataruma kwa jicho, akafanya kazi na tezo, msumeno na keekee, na jahazi likatoka bila karatasi hata moja. Aliyejifunza alisimama pale pale pembeni yake miaka na miaka. Hapakuwa na mtu wa mbali wa kuelezwa. Sioni sababu ya kuuita upungufu; hayo majahazi yalifika Muscat na kurudi.

Karatasi ilikuja na reli, bandari na ofisi za ujenzi za serikali ya kikoloni, ambako Mwafrika alianza kwa kunakili michoro ya wengine, kama Monge. Elimu rasmi ilichelewa. Taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940, ilifundisha ufundi wa mashine na ubaharia; shule ya ufundi ya Ifunda, karibu na Iringa, ilifunguliwa 1951; Dar es Salaam ikapata taasisi yake ya ufundi mwaka 1957, ambayo baadaye ikawa Chuo cha Ufundi na tangu 1997 Taasisi ya Teknolojia, DIT; Nairobi ikapata Kenya Polytechnic mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nafasi zilikuwa chache na wenye hamu walikuwa wengi. Waliokosa walifanya kama wachimbaji wa Pennsylvania: walijaza kuponi, wakanunua hati ya posta, wakasoma kwa vyuo vya Uingereza, wakiutazamia mtihani wa City and Guilds wa London.

Katika ofisi za kuchorea za miaka hiyo, na wako waliostaafu ambao wangali wanazikumbuka vizuri, meza zilikuwa kubwa na zimeinamishwa. Juu yake karatasi angavu ya kunakilia, kalamu za wino za Rotring za unene tofauti, kibao chenye matundu ya herufi, na wembe. Wembe ulikuwa wa kukwangua kosa, taratibu, karatasi isitoboke. Mashine ya kutoa nakala ilitumia amonia na harufu yake ilimlaki mgeni mlangoni. Mchoraji mpya alikaa miezi akichora herufi na fremu tu. Kila jioni mchoraji mkuu alipita na penseli nyekundu. Nidhamu hiyo ilikuwa kali kupita kiasi, na vipaji vingine viliikimbia. Lakini hakuna mchoro uliotoka mlangoni bila jicho la pili.

Kompyuta ilikuwa inakuja. Mwezi Januari 1963 mwanafunzi wa chuo cha MIT, Ivan Sutherland, aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari juu ya programu aliyoiita Sketchpad. Aliiandika kwenye mashine ya TX-2 iliyokuwa katika Maabara ya Lincoln, mashine ya kujaza chumba. Mtumiaji aligusa kioo kwa kalamu ya mwanga, mstari ukatokea. Hilo peke yake lingekuwa mchezo tu. La maana ni kwamba mashine iliweza kuambiwa: mistari hii miwili iwe sambamba, hii iwe na urefu sawa, hapa pawe pembe mraba, nayo ikaupanga mchoro upya yenyewe mpaka masharti yatimie. Mmoja wa walimu waliomsimamia Sutherland alikuwa Steven Coons, mwalimu wa michoro ya kihandisi ambaye kabla ya MIT alikuwa mbunifu katika kampuni ya ndege. Aliyeusukuma ubao uondoke alikuwa mtu wa ubao.

Miaka karibu ishirini iliyofuata chombo hicho kilikuwa cha matajiri, yaani viwanda vya magari na vya ndege. Huku kwetu kompyuta zenyewe zilitazamwa kwa shaka. Mwaka 1974 Tanzania ilizuia kuziingiza nchini, na zuio hilo likachukua miaka mingi kulegea.

Mabadiliko yaliletwa na kikundi cha waandishi wa programu wa California waliokuwa wakifanya kazi kwa saa za ziada. Mwaka 1982 John Walker aliwakusanya wenzake wakachanga fedha, kwa jumla chini ya dola 60,000, wakaanzisha kampuni ya Autodesk. Walikuwa na mawazo kadhaa ya bidhaa, na programu ya kuchora, iliyotokana na kazi ya Mike Riddle, haikuwa ndiyo tegemeo lao la kwanza. Walipoionyesha katika maonyesho ya kompyuta ya Las Vegas mwezi Novemba, watu walijaa mbele ya meza yao. Mwezi uliofuata AutoCAD ikaanza kuuzwa. Bei ilikuwa kama dola 1,000, na ilikwenda kwenye kompyuta ndogo ya mezani, wakati mifumo mingine ilihitaji fedha za kujengea jumba. Ofisi ya watu watatu sasa iliweza kufanya kilichofanywa na kiwanda.

Afrika Mashariki iliipokea hasa miaka ya 1990 na baada yake, na tuseme ukweli, nyingi kati ya nakala zilizozunguka mijini hazikuwa na leseni. Zilichomwa kwenye CD, zikapita mkono kwa mkono. Kizazi kizima cha wachoraji kilijifunza kwa programu ambayo haikulipiwa, kikafundishana amri kwa kunong'onezana: L ni mstari, C ni mviringo, O ni kunakili kwa umbali uleule. Ubao ukahamishiwa stoo. Mchoraji mkuu mwenye penseli nyekundu mara nyingi alistaafu pamoja nao, kwani hakuweza kusahihisha kilicho ndani ya kioo na vijana hawakuwa na hamu ya kumchapishia.

Kisha, tarehe 23 Julai 2009, nyaya za baharini za SEACOM zikaanza kazi, zikiunganisha Mombasa na Dar es Salaam na Ulaya na Asia; TEAMS ikafuata mwaka huohuo, EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo eneo letu liliegemea setilaiti, na video ya dakika kumi ingeweza kula mchana mzima. YouTube ilikuwa imeanza 2005, lakini kwa mwanafunzi wa huku ni kama ilizaliwa baada ya nyaya. Masomo ya kuchora yakamiminika, mengi ya bure, mengine ya kulipia yenye cheti. Mwezi Desemba 2014 Autodesk ikatangaza kwamba wanafunzi na shule za dunia nzima watapata programu zake bure kwa ajili ya kujifunza. Kwa wenye kazi za kulipwa, mwaka 2016 iliacha kuuza leseni za kudumu na kubakiza za kukodi. Asiyetaka kukodi ana FreeCAD, iliyoanzishwa na Mjerumani Jürgen Riegel na kutolewa mara ya kwanza 2002, ambayo toleo lake namba 1.0 lilifika Novemba 2024 baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kazi ya watu wa kujitolea.

Kwa hiyo mwanafunzi wa leo ana alichokikosa mwanafunzi wa Scranton. Anaona mkono wa mwalimu ukitembea. Anaweza kumsimamisha katikati ya neno, amrudishe, amrudishe tena saa nane za usiku bila kumuudhi. Kosa lake linafutwa kwa kitufe, hakuna wembe.

Alichokikosa ni ile meza ya msahihishaji. Programu hukubali chochote. Chora ngazi zenye kimo cha milimita 250 kila kipandio, ngazi za kumvunja mzee goti, nayo itanyamaza. Chora mlango unaofungukia kwenye sinki, nao utakaa hapo ukiwa na vipimo sahihi hadi nukta tatu za desimali. Maandishi yanayosomeka vizuri kwenye kioo yatakuwa kama sisimizi ukichapa kwenye A3. Kila kitu kimewekwa kwenye leya moja; kuta hazifungi pembeni; skeli iliyoandikwa sio iliyochapwa. Video haiyaoni haya, kwa kuwa video haikuangalii.

Kuna na tatizo la pili ambalo halisemwi vya kutosha. Video nyingi zinatoka Marekani, na Marekani ina kawaida zake. Hupima kwa futi na inchi. Hupanga michoro kwa pembe ya tatu, ambapo mwonekano wa juu unawekwa juu ya mwonekano wa mbele. Shule zetu zilirithi kwa Waingereza mpangilio wa pembe ya kwanza, ambapo mwonekano wa juu unakaa chini. Fundi wa chuma akisoma mchoro wa pembe ya tatu akidhani ni wa pembe ya kwanza, anaweza kutoboa tundu upande usio wake na kipuri kikawa chakavu. Ndiyo maana kuna alama ndogo ya koni iliyokatwa kwenye kona ya mchoro. Wangapi waliojifunza mtandaoni wanajua ni ya nini? Upande wa nyumba ni hivyohivyo: kijana anajifunza kuchora ukuta wa fremu ya mbao uliozibwa kwa bodi, kisha anakabidhiwa kiwanja Chanika ambako mwashi anamuuliza habari za tofali la inchi sita, lenta, jamvi, nondo za msingi na kenchi za paa. Hayo hakuyakuta kwenye kozi. Video za Kiswahili zipo na zinaongezeka, ila nyingi bado hufundisha vitufe kuliko ujenzi.

Na sheria haijabadilika. Tanzania kuna bodi ya usajili wa wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, Kenya nayo ina yake chini ya sheria, Sura ya 525. Aliyejifunza kwa mtandao, hata awe hodari namna gani, hawezi kutia saini ya mbunifu majengo kwenye michoro ya kuombea kibali. Anachora, mwingine anagonga muhuri. Ikiwa mgonga muhuri anaikagua kweli kazi hiyo, basi meza ya Scranton imerudi. Ikiwa anagonga tu na kupokea chake, nyumba inajengwa kwa mchoro ambao hakuna jicho la pili lililoupitia, na hilo ni baya kuliko hali ya zama za Foster, wakati kijana wa karakana wa Kansas alikuwa na mtu wa kumwambia mstari wake ni mnene mno.

Wanaosema elimu hii haifai kwa sababu ni ya mtandaoni wanasahau historia yote hii: fani hii iliwahi kufundishwa kwa barua, ikatoa wahandisi. Wanaosema inatosha peke yake wanasahau nusu ya pili ya ile barua, ile iliyorudi na alama. Wewe unayejifunza sasa, usingoje umalize kozi. Chapa mchoro wako wa kwanza kwenye karatasi, kwa skeli, uupeleke kwa fundi sanifu aliye karibu, ofisi ya halmashauri, karakana ya chuma ya mtaani, popote palipo na mtu anayesoma michoro kwa riziki yake, umwombe akuonyeshe makosa. Na nyinyi wenye mihuri na miaka ya ubao, hasa mliostaafu: vijana hawa wanakuja na faili, hawaji na karatasi angavu, lakini wanachohitaji kwenu ni kilekile. Chuo cha Foster hadi leo kipo Scranton, kwa jina la Penn Foster, na kinafundisha kwa mtandao.